Shimo Tulilokatazwa Kuligusa

Hadi leo nikiona kwenye televisheni watu wa suti wanapeana mikono baada ya kikao cha kimataifa, damu yangu inachemka, na simwombi mtu msamaha.

Vita vilipotulia tulirudi kwetu Nyakasanza kutoka Boga, tulikokimbilia. Majirani waliosalimika wakatuonyesha alipo baba, ambaye hakukimbia nasi: nyuma ya nyumba, ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe kwa ajili ya choo kipya. Waliomuua walimtupa humo, na majirani wakamfunika udongo harakaharaka kabla nao hawajakimbia. Mama akasema tutamtoa Jumamosi, tumzike makaburini karibu na babu, kisha tutoshe matanga, yaani tuondoe msiba. Kwetu mjane ambaye matanga yake hayajatoshwa anavaa kikwembe cheusi, na haketi mbele kwenye sherehe yoyote, hata iwe ya mtoto wake.

Jumamosi haijafika, wakaja wachunguzi wa haki za binadamu, mwanamume na mwanamke. Mimi nilikuwa nafundisha Kifaransa, basi nikawa mkalimani wa mama. Walitusikiliza vizuri, sidanganyi. Wakasema shimo lisiguswe, kwamba ule ni ushahidi, na wataalamu wa mifupa watakuja kiangazi kama wakubwa wa nchi za dunia watawaruhusu. Wakaacha karatasi yenye muhuri. Na mimi, mjinga niliyesoma, nikaona muhuri nikamwambia mama watakuja. Ile "kama wataruhusiwa" niliimeza mwenyewe.

Tukafunika shimo kwa bashi, turubai la bluu. Mama alifagia kando yake kila asubuhi, na mbuzi wa jirani akisogea alitukanwa yeye na mwenye kumfuga.

Kiangazi kikaja, kikapita. Redio ikasema kule Jeneva nchi zinabishana kuhusu ruhusa hiyo. Moja inasema mambo ya vita vyetu ni yetu wenyewe, nyingine inataka wachunguzi waje kutoa mafunzo tu bila kuchunguza chochote, ya tatu inauliza kwa nini wasianze na vita vya jirani yake. Mama alikuwa anachagua mchele. Akaniuliza kama wanabishana kwamba baba alikufa. Nikamwambia hapana, wanabishana nani ana ruhusa ya kuja kumwangalia. Akaendelea na mchele wake.

Wakaahirisha. Mwaka uliofuata wakaahirisha tena, ati bado wanatafuta maneno yatakayompendeza kila mtu. Maneno, jamani! Mwaka huo mdogo wangu aliolewa, na mama aliyemzaa alikaa jikoni na kikwembe chake cheusi, akisikiliza vigelegele kupitia ukutani. Nilimpelekea sahani ya chakula, hakuigusa.

Msimu wa nne wa mvua, ukingo wa shimo ukabomoka. Asubuhi tulikuta maji yamejaa, bashi imezama upande mmoja, na mkanda wa baba unaonekana kwenye matope. Mama hakulia. Alileta jembe, akasema, "Leo tunamutosha." Nikaanza kumkumbusha karatasi. Akaniangalia tu, nikachukua koleo. Wamama wa kanisani kwake wakaleta shuka jeupe. Saa sita mchana baba alikuwa ameshalala karibu na babu, na wiki ile ile tukatosha matanga.

Mwezi haukuisha, yule mchunguzi mwanamume akarudi, na safari hii ana ruhusa. Wakubwa walikuwa wamepatana. Tukampeleka nyuma ya nyumba, akatazama shimo tupu, akashika kichwa. Si mtu mbaya, machozi yalimlengalenga. Akasema tumeharibu ushahidi, na kwamba sasa kwenye ripoti baba ataandikwa tu kama mtu aliyepotea. Nikamfasiria mama. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia Jeneva yake, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe.

Mama alikuwa amevaa kikwembe cha njano. Alimvutia mgeni kiti, akangoja aketi vizuri.

"Muambie hakupotea," akaniambia. "Miye nilikuwa najua fasi iko, pale nyuma ya nyumba, kila siku, miaka mine. Wenye walipotea ni wao."

Nikamfasiria hivyo hivyo, na sikumwonea huruma.