Sukuma Zenye Mashimo

Mimi mboga inayong'aa siiamini. Nikiona sukuma wiki yenye majani mapana bila hata tundu moja la mdudu, huwa najiuliza: mdudu amejua nini ambacho mimi sijui?

Tabia hiyo ilinizidi nilipopata mimba ya kwanza. Tulikuwa tunaishi Kibera, kijiji cha Raila, mimi na mume wangu, ambaye ni fundi wa mbao. Kliniki walinidunga kidole, wakaniambia damu yangu iko chini. Nesi akanionyesha picha zilizobandikwa ukutani: karoti na viazi vitamu vya njano kwa vitamini A, machungwa na mapera kwa vitamini C, mboga za kienyeji kama managu na terere kwa madini ya chuma, ambayo ndiyo huongeza damu. Akanipa na vidonge. Kisha akasema neno lililoninyima raha: damu isipopanda, sitajifungulia pale karibu na nyumbani. Nitapelekwa hospitali kubwa, na huenda nikaongezewa damu. Damu ya nani? Niliogopa sana, na nilipoogopa nilianza kuchunguza kila kitu.

Nikala mboga mchana na jioni. Mume wangu naye alinisaidia kwa namna yake. Kupika hakujui, lakini chai anaijua. Kila nilipoketi kula alinimiminia kikombe kutoka kwenye thamosi, majani yamekolea mpaka chai ina rangi ya udongo.

"Kunywa upate nguvu," alikuwa akisema, naye akikaa kunitazama mpaka nimalize.

Nilipopimwa tena, damu haikuwa imesogea. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku mama mboga wetu. Alikuwa mwanamke mchangamfu wa kutoka Kitui, mwenye kibanda kando ya njia ya kwenda mtaa wa Olympic, na alikukatia sukuma nyembamba kama uzi huku akikupigia hadithi. Uzuri wa mboga zake ndio uliomponza. Watu walisema kuna sukuma zinazomwagiliwa maji ya mtaro. Hakuna aliyesema ni zake, lakini kikulacho ki nguoni mwako, nami nikaacha kununua kwake bila kumwambia lolote.

Nikahamia soko la Kawangware. Nilikwenda kwa miguu, tumbo mbele, nikanunue sukuma na managu zilizotobolewa na wadudu. Muuzaji wa huko aliniambia amezichuma shambani kwake upande wa Riruta. Nilimwamini kwa sababu ya mashimo tu. Mdudu alikula na hakufa, basi nami nitakula. Hata hivyo, nikifika nyumbani nilizilowesha kwenye maji ya chumvi, nikazinusa, nikazichemsha mpaka zikageuka nyeusi, kisha maji yake nikayamwaga, maana nayo sikuyaamini.

Asubuhi moja niliwahi sokoni nikakuta magunia yaliyoshushwa kutoka kwenye lori ndiyo yanafunguliwa. Muuzaji wangu alikuwa ameinama juu ya gunia moja, na aliyeinama pamoja naye alikuwa mama mboga wa Kibera.

"Ai, mum! Kumbe nawe unakuja huku?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba nimepita tu.

"Mbona siku hizi huji kwangu? Nilidhani mlihama."

Badala ya kumjibu, nikamuuliza mboga hizo zimetoka wapi.

"Si ni hii lori tu. Mimi nachukua zile poa. Za mashimo namwachia huyu, anasema ako na kastoma mmoja huzipenda sana."

Muuzaji wangu akaanza kupanga nyanya ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nimejaa hasira na aibu, na njia nzima nilikuwa nikilishuku lori.

Siku za kujifungua zilikuwa zinakaribia. Kliniki nilimweleza nesi yote, mtaro na gunia na chumvi, nikitaka aniambie ni nani anayeniibia damu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na vidonge unameza na nini?"

"Chai."

"Ukikula mboga?"

"Chai. Mzee wangu ndiye hunitengenezea."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia kwamba chai huyashika madini ya chuma tumboni, yakapita bila kuingia mwilini. Chai ikae mbali na chakula na mbali na vidonge. Mboga nizipike kidogo, maji yake nisiyamwage, nizile pamoja na nyanya mbichi au chungwa, kwa kuwa vitamini C ndiyo husaidia madini hayo kuingia. Kwanza nilimshuku yeye. Kisha nikakumbuka vikombe vyote vile.

Nyumbani nilikuta mume wangu ameshamimina. Nilipomweleza, alikivuta kikombe upande wake.

"Yaani ni mimi?" akauliza.

Niliyemtafuta mtaani kote alikuwa amekaa mbele yangu, na sikuweza kumkasirikia hata kidogo. Nilimhurumia mpaka chakula kikanishinda. Aliinuka, akaiweka thamosi juu ya kabati, akatoka. Aliporudi alikuwa na machungwa kutoka kwa mama mboga wetu. Niliyageuza moja moja nione kama yana alama ya sindano ya dawa, ndipo nikala.

Niliporudi kliniki baada ya wiki chache, nesi alinidunga kidole, akasoma mashine, akatabasamu. Damu imepanda, akasema, nitajifungulia papo hapo. Nikamwambia apime tena. Akacheka, akadunga kidole kingine, na mashine ikasema vilevile. Hapo nikalia kwa sauti, mambo yote yakanitoka kwa pamoja.

Mume wangu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje, akaingia mbio bila kubisha hodi. Mkononi alikuwa na chungwa alilokuwa akinimenyea, nusu tayari.

"Ni ile chai?" akamuuliza nesi.