Steringi Hafi

Mbarak Shamsudin alikuwa karani wa bima Jumatatu hadi Ijumaa, lakini usimwite karani ukitaka akuitikie. Yeye alikuwa Hakimu wa Sinema, jina alilojipa mwenyewe katika gazeti la wiki lililopigwa chapa kwenye kichochoro kimoja cha River Road. Filamu ya kumpendeza ilikuwa haijazaliwa. Za Wazungu alisema ni vumbi la farasi, na za Kihindi alishangaa mbona watu wale wakipendana tu, mvua inanyesha.

Hukumu yake ilisifika kwa jambo moja. Filamu ikifika pale inapochacha, Mbarak alisimama, akasonya, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja huku akiwaziba watu wa nyuma, kisha akatoka. Watu walinong'onezana kwamba Hakimu ametoka, basi hii filamu ni bure. Wako waliomfuata nje kwa kuona haya kukutwa wanafurahia takataka, na tiketi wamelipa kwa fedha zao.

Kweli yenyewe haikuwa na fahari hiyo. Basi la mwisho la kufika kwake Uthiru liliondoka saa mbili kasorobo usiku. La baada yake lilikomea Westlands, na kutoka hapo ni miguu yako na mbwa wa watu. Pasi ya bure aliyopewa na wenye jumba la sinema ilikuwa ya onyesho la saa kumi na mbili jioni, siku za kazi tu, na kulipa tiketi ya Jumamosi kwake lilikuwa tusi. Kwa hiyo kwa miaka sita hakuwahi kuona mwisho wa filamu hata moja. Aliibuni miisho. Wala haikuwa kazi ngumu, maana kila aliyewahi kukaa viti vya mbele aliijua sheria: steringi hafi. Adui atakufa, rafiki wa steringi atakufa, hata mama mtu anaweza kufa akiimba. Steringi mwenyewe atajipangusa vumbi na kuoa.

Desemba ya mwaka 1972, mhariri wake Tobias Were, mtu wa Busia asiye na maneno mengi, alimpa ukurasa mzima wa filamu za kufunga mwaka. Alimwambia kwamba ukipendwa utakuwa wake kila wiki, na picha yake juu. Mbarak alikwenda kupigwa picha siku hiyo hiyo, amefunga tai ya kuazima.

Filamu zilikuwa nne. Tatu alizichinja bila bismillahi. Ya nne ilikuwa ya Kihindi, habari za kijana fundi viatu aliyempenda binti wa mwenye kiwanda. Mbarak aliiacha pale kijana alipopigwa risasi kwenye ngazi za kiwanda, akawahi basi. Akaandika: "Risasi tatu kifuani, lakini msiwe na wasiwasi. Steringi hafi. Atainuka na shati jeupe kama la Idi, amwoe binti, wapishi wa harusi waimbe. Wanaotunga hadithi hizi wangekuwa na haya, wangemwacha mtu afe japo mara moja."

Gazeti lilitoka Jumamosi. Jumanne Tobias alimwita, na meza ilikuwa imejaa barua. Kijana alikuwa amekufa. Alikufa palepale ngazini, binti akavua viatu alivyoshonewa na kijana huyo, akamwekea kifuani, na ukumbi ulikuwa umelia wiki nzima, hata makuli wa sokoni.

Mbarak alijitetea. Alisema mwandishi hodari huandika kwa mafumbo, na kwamba steringi huishi mioyoni. Tobias alimsikiliza hadi mwisho, heshima ambayo Mbarak hakuwahi kuipa filamu yoyote. Kisha akachukua karatasi moja iliyochanwa daftarini, akasoma.

"Mhariri, mwandishi wako hajui mwisho wa filamu hii wala wa nyingine yoyote. Huwahi basi la saa mbili kasorobo. Mimi najua, kwa kuwa ndimi nimwekeaye chakula saa mbili unusu, na wali haujapata kumpolea hata siku moja."

Barua haikuwa na jina. Mwandiko ule ndio ulioandika orodha za sokoni ambazo Mbarak alitia mfukoni kila Ijumaa.

"Bwana Mbarak," Tobias alisema, "hii ukurasa nitapatia mtu mwenye anakaa mpaka taa iwashwe. Na hiyo pasi, niachie hapo kwa meza."

Alipofika Uthiru alimkuta mkewe, Salme, akipepeta mchele. Salme hakukana. Filamu aliiona Jumatano, onyesho la wanawake la mchana, yeye na jirani yao Phoebe, wakalia mpaka buibui likalowa. Mbarak alimwuliza amemkosea nini hata akamwaibisha mbele ya mji mzima.

"Yule kijana nilimlilia, Baba Taib," Salme alisema. "Jumamosi nafungua gazeti, nakuta mume wangu anamcheka maiti. Miaka sita nimekunyamazia. Hilo halikunyamazika."

Mbarak aliumia kweli. Baadaye, kwa sauti ya chini, akauliza kwani ilikuwaje hasa pale mwisho. Salme akaweka ungo chini, akamsimulia tangu mwanzo: kibanda cha fundi, barua zilizofichwa ndani ya soli, zile ngazi, risasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kijana akainua mkono, akafungua kinywa amwambie binti neno. Mbarak alikuwa ameinama mbele, ameshika magoti.

Salme akasimama. Akasonya, akajifunga leso yake taratibu, akaingia jikoni.