Mpika Gongo wa Maabara

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Kwa hiyo siku mchumba wangu aliponipigia simu kutoka Mikumi, anakopika hotelini, akaniambia, "Mama kasikia unapika gongo huko Kilosa," nilimjibu maneno ambayo hapa siyaandiki.

Gongo, ile pombe haramu! Nilikuwa fundi katika maabara ya utafiti wa wadudu wanaotoboa mahindi. Wadudu tunawahifadhi kwenye spiriti, vyombo tunaosha kwa spiriti, na miaka yote spiriti iliyochafuka tulikuwa tunaimwaga kwenye sinki, inaishia shimoni nyuma ya jengo. Harufu yake siku za joto, we acha tu. Alipokuja mkuu mpya, mama mmoja asiyependa kitu kitupwe, akasema basi. Chupa kubwa tukaziacha, tukatumia vichupa vya ukubwa wa kidole. Spiriti chafu tukaanza kuichemsha kwenye jiko la umeme: mvuke unapita kwenye mrija wa kioo unaopozwa kwa maji, unadondoka upande wa pili ukiwa safi, tunautumia tena. Jamani, nilijivunia mtambo ule! Kwenye simu yangu picha zake zilikuwa nyingi kuliko za mchumba.

Sasa, bodaboda mmoja aliyetuletea mzigo alichungulia dirishani. Alichoona ni chombo kinachemka, mrija na matone. Habari zikafika Zombo, kwa mama mkwe wangu mtarajiwa, kabla mimi sijavua koti la kazi. Na mama yule ni mtu wa swala tano. Akatamka kwamba mwanawe haoi mpika gongo; nikimtaka, niache kazi. Harusi ilikuwa baada ya mavuno. Mwanamume nilimpenda, na kazi niliipenda.

Nikamwomba aje aone kwa macho yake. Akaja kweli, pamoja na mdogo wake aliyeolewa Ruhembe tangu usichana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," ya mdomoni tu. "Nionyeshe."

Niliwapa miwani ya kukinga macho, mama mkwe akaivaa juu ya ushungi, uso umekunjamana. Nikaeleza habari za wadudu, habari za shimo, yote. Hakunisikiliza hata kidogo. Alivuta stuli, akakaa, akayakazia macho matone.

"Hii ya kwanza kutoka mnaiweka pembeni?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nipe kiberiti."

"Hapa hatuwashi moto, mama, ni hatari."

"Sasa mtajuaje kama ni kali? Si mpaka uione inawaka bluu?"

Mdogo wake akageuka taratibu.

"Dada. Hayo ya bluu umeyajulia wapi?"

Mama mkwe akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mimi nikang'ata ulimi, na kwangu hiyo ni kazi ngumu. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Baba yao alipofariki, ada za watoto mlidhani zilitoka wapi? Nimepika mimi, huko vichakani, nawakimbia mgambo. Mwanangu mpaka leo anajua nilikuwa nauza vitumbua."

"Vitumbua!" Mama mdogo alishika tumbo. "Ya Rabi, vitumbua!" Tulicheka mpaka mkuu akaja kuchungulia mlangoni, na alipoona akina mama wawili wenye miwani ya maabara wanafutana machozi, akacheka na yeye bila kujua sababu.

Kicheko kilipoisha, mama mkwe akanishika mkono, na glavu yangu hivyo hivyo.

"Kazi usiache," alisema. "Mwanangu nitamwambia mwenyewe, ya kwako na ya kwangu. Mimi nilichemsha roho juu, jani likitikisika natimua mbio. Wewe unachemsha mchana, mlango wazi, na bosi wako anapita anacheka. Uache, umpe nani?"

Nikalia. Mbele ya mtambo, kama mtoto, machozi yakajaa kwenye miwani yangu ya kazi hata sioni kitu. Mama mkwe akanivua miwani, akanifuta kwa ncha ya kanga yake, kisha akaniuliza natoka kazini saa ngapi, maana alitaka twende wote dukani tukaangalie kitambaa cha harusi.