Kondo Lililofanya Kazi Likiwa Gonjwa

Shikamooni mama zangu, na ninyi wenzangu, habari za kutembea. Niruhusuni niseme nimekaa, mguu huu haupendi kusimama. Naitwa Adventina, nimeolewa Ihanda. Muuguzi wa kliniki hii ameniomba niwasimulie, nami nitasimulia, ingawa kusimulia kwenyewe kunanichosha.

Zamani nilikuwa mtu wa nguvu. Nilibeba mkungu wa ndizi kichwani na jembe mkononi, na bado nikachuma kahawa mpaka jioni. Kisha bodaboda ikateleza na mimi kwenye mteremko, nikitoka Mabira kuwasalimu wazazi. Mguu ukavunjika. Hospitali wakaufunga, wakanipa vidonge vya tramadoli vya kutuliza maumivu.

Vile vidonge, jamani, vina raha yake. Maumivu yalinyamaza, na moyo nao ukatulia. Vilipokwisha nikawa nanunua kwa Bi Zaituni, mwenye duka la dawa. Mfupa ukaunga, mimi nikaendelea. Nisipomeza, napiga miayo, kamasi zinatiririka, naharisha, miguu inakatika. Nikimeza, napata choo kigumu kama mawe, lakini naweza kulima. Nikachagua kulima.

Siku moja Bi Zaituni akanitazama usoni. "Mwanangu, dawa hii si ya kuchezea, na kwa mjamzito ndiyo kabisa. Huna mimba wewe?"

"Sina, mama."

Nilikuwa nayo. Mnajua kwetu: mimba changa haisemwi, inaachwa ijionyeshe yenyewe, isije ikapatwa na jicho la mtu. Hata mume wangu nilikuwa sijamwambia. Ningeanzaje kumwambia mwenye duka?

Tumbo likachelewa kutokeza. Kliniki nilikwenda mimba ikiwa imeshakua, au ndivyo nilivyodhani. Muuguzi akapima tumbo, akarudia. "Mtoto huyu hakui," akasema. Hospitali wakanipiga ultrasaundi. Daktari akaniambia damu inapita kwa shida kwenye kondo la nyuma, na hilo kondo ndilo linalompa mtoto chakula na hewa.

"Unatumia dawa gani?"

Nikamwambia. Nikalia, nikasema naacha leo hii.

"Usithubutu," akasema. "Ukiacha ghafla unaweza kumpoteza. Tutapunguza polepole, wewe ukiwa hapa."

Nikalazwa. Kazi yangu ikawa kuweka mkono tumboni na kusubiri mtoto acheze. Mara anacheza, mara kimya. Nimelima maisha yangu yote, lakini sijawahi kuchoka namna ile.

Alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kama kuku aliyenyonyolewa. Mikono ilitetemeka. Alilia kilio chembamba kisichobembelezeka, na ziwa hakuweza kulishika. Mwili wake nao ulikuwa unaitaka ile dawa. Walimtibu, na mimi nikamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, tukilia wote wawili.

Mama mkwe alikuja na beseni. Kwetu kondo huzikwa kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, chini ya mgomba. Muuguzi akamwonyesha: dogo, lina mabaka meupe, magumu. "Hapa palikuwa pamekufa," akamweleza. "Hatuwezi kusema ni vidonge peke yake, lakini huenda navyo vimechangia."

Niligeukia ukutani nikisubiri maneno. Mama mkwe alilitazama sana. "Limefanya kazi likiwa gonjwa," akasema. "Nitalizika vizuri."

Mpaka leo nikikumbuka hayo nalia.

Mtoto akaja akanyonya. Siku hizi anakimbiza kuku wa jirani, na jirani hafurahi. Namshukuru Mungu, na wauguzi, na mama mkwe. Vidonge niliacha kwa kusaidiwa. Mguu bado unauma. Siku nyingine nalima, siku nyingine nakaa tu nautazama mgomba.

Ninachowaomba ni kidogo. Ukihisi una mimba, kabla hujameza kidonge chochote, mwambie anayekupa dawa. Kama umeshazoea kumeza, usijifungie ndani kuacha peke yako. Njoo hapa useme. Hawatakufukuza.

Bi Zaituni hajaacha kuniuliza. Hata nikienda kununua dawa ya minyoo: "Huna mimba wewe?" Leo asubuhi nilipopita kununua pamba akaniuliza tena. Nikamjibu, "Ninayo, mama."

Bado haijaonekana. Mume wangu hajui, mama mkwe hajui. Nimewaambia ninyi.