Shangazi Alimwaga Chai kwenye Barafu

Shangazi yangu haamini sakafu. Akija kwetu, kabla hajakanyaga zulia analigusa kwanza na ncha ya kiatu. Mama humwambia, "Wifi, hapo chini ni simenti, nimepiga deki mwenyewe." Shangazi anajibu, "Wote husema hivyo," halafu anagusa tena.

Msimcheke. Kazi yake ni kuongoza watalii kwenye barafu ya mlimani, ile isiyoisha mwaka mzima, pana kama mji. Huko theluji inakaa imetandikwa kama shuka jipya, na chini yake kuna ufa wa kumeza basi pamoja na kondakta wake. Wanatembea wamefungwa kamba moja. Anayetangulia ndiye anayechoma theluji kwa fimbo, anachagua njia, na anachomeka vijiti vyenye kitambaa chekundu kushoto na kulia kwa njia ili kesho yake wageni wapite hapo. Shangazi ndiye anayetangulia. Ametangulia tangu mimi sijui kufunga viatu. Mwondoe pale mbele, utabaki na mdomo tu.

Msimu huu ulioisha alifungwa kamba na kijana ambaye kambi nzima inamwita Mkia, kwa sababu hutembea wa mwisho. Mpole, maneno machache, anafua soksi kila siku. Shangazi alianza kumshuku hapo hapo kwenye soksi.

"Mwanaume anayefua soksi kila siku ana kitu anaficha," aliniambia.

Nikamwambia huo ni upuuzi. Akaniangalia kama zulia.

Halafu akamkuta Mkia na bosi wa kambi wananong'ona nyuma ya stoo ya vyakula. Walipomwona wakaanza kuzungumzia mawingu. Jamani, nani ananong'ona habari za mawingu? Wiki hiyo hiyo bosi akasema mezani kwamba msimu ujao kazi inataka damu changa. Shangazi akaweka kijiko chini. Kikulacho ki nguoni mwako, akawaza, na hiki nimefungwa nacho kamba.

Ndipo ikaja habari ya vijiti. Huko juu kuna sheria ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: kijiti cha mtu hakiguswi. Aliyekichomeka ndiye atakayekichomoa msimu ukiisha. Ni kama mswaki. Sasa Shangazi akaanza kuona vijiti vyake havikai alipoviacha. Barafu inatembea, hilo kila mwongozaji analijua. Inateremka taratibu na kila kilicho juu yake. Lakini inateremka, haiendi pembeni. Vijiti vyake vilikuwa vinasogea pembeni, kuelekea kulia. Na siku mgeni akitumbukia kwa kufuata kijiti kilichohamishwa, nani atakayeulizwa? Mwenye kijiti. Hapo damu changa itakuwa tayari imeshavaa buti.

Shangazi aliamua kumnasa. Akatega.

Angepima kutoka kwenye mwamba wa pembeni, vipimo vingemdanganya, maana mwamba umesimama na barafu inakwenda. Alitaka alama inayotembea pamoja na barafu. Basi akawa anapanda na chupa ya chai ya rangi, kali, bila sukari. Akishachomeka kijiti, anamwaga tone la chai chini yake na kufukia theluji kwa buti. Chai inaganda, inabaki doa la kahawia ndani ya barafu. Mkia akamuuliza mbona siku hizi chai yake inaisha haraka. Akamjibu, "Uzee una kiu."

Siku ya kufunga msimu wageni walikuwa wameshaondoka. Walipanda wawili tu, kuchomoa njia. Kijiti cha kwanza cha kushoto, Shangazi akapiga magoti, akakwangua theluji chini yake. Hakuna chai. Akakwangua upande wa kushoto, hatua moja hivi. Doa hilo hapo.

"Mkia, njoo uone maajabu. Kijiti changu kimeota miguu."

Mkia akaangalia doa. Akaliangalia muda mrefu kuliko doa linavyostahili.

"Ni chai?"

"Ni chai. Umegusa vijiti vyangu?"

"Nimegusa, mama."

"Vyote?"

"Vya kushoto tu. Vya kulia viko sawa."

"Na mimi usiniite mama. Mwanangu angeniua mchana kweupe, siyo kwa vijiti."

Mkia akakaza kamba, akaweka buti zake vizuri kama mtu anayejiandaa kushika uzito. "Choma hapo kushoto kwa chai yako," akasema. "Polepole."

Shangazi akachoma. Fimbo ikaingia hadi kwenye ngumi, na theluji ikadondoka ndani bila sauti ya kufika chini.

"Ule mstari wa kijivu wa ufa, unaokuja huku, huuoni?" Mkia akauliza.

"Mstari gani?"

Mkia akaonyesha kwa kidole. Shangazi akavua miwani ya jua, akaziba jicho la kushoto. Mstari huo hapo, umepita wazi hadi miguuni kwake. Akaziba la kulia. Uji mtupu.

"Umejua lini?"

"Tangu ulipoanza kunipita kambini bila salamu nikiwa nimekaa kushoto kwako. Nikadhani umenikasirikia. Halafu nikaona na vijiti."

"Ukakaa kimya."

"Ningekuambia, ungeniamini?"

Shangazi akarudisha miwani usoni. Mimi nina la kusema. Mkia alikosea. Unamwacha mtu mwenye jicho moja atangulie na wageni wa watu, wewe unadamka kusahihisha kimyakimya? Siku ukiamka na homa je? Hiyo ni kamari iliyovaa nguo za wema. Lakini na Shangazi naye, mtu umemfunga kamba kiunoni msimu mzima, halafu hawezi kukuambia jicho lako ni bovu? Jiulize kwa nini.

Walichomoa njia yote hadi chini, Mkia akiwa mbele kwa mara ya kwanza. Njiani Shangazi akamuuliza alinong'ona nini na bosi nyuma ya stoo. Mkia akasema alikuwa anaomba soksi za ziada. Hadi leo Shangazi hajaamini, na mimi hapo niko upande wake.

Kwenye chakula cha kuagana bosi akauliza, "Mama, msimu ujao unatangulia kama kawaida?"

Shangazi akaweka kijiko chini. Alimgeukia Mkia, kwa jicho la kulia, akangoja. Neno moja tu la Mkia lingetosha kumtoa mbele. Mkia akaendelea kumenya kiazi.

"Atatangulia huyu," Shangazi akasema. "Mimi nitakaa nyuma, nimwangalie vizuri."

Amerudi nyumbani, ameona daktari wa macho. Kisha ameona wa pili, akihofia wa kwanza anafahamiana na Mkia. Wote wamesema mwanga wa theluji umelila jicho la kushoto, halitarudi. La kulia ni zima.

Juzi nimemkuta jikoni anasokomeza pakiti kubwa ya majani ya chai kwenye begi la mlimani. Nikamwambia, "Shangazi, si mnapewa chai kambini?"

"Hii siyo ya kunywa," akasema, akafunga zipu.