Zima Hita, Baba Anapima

Jumapili iliyopita nilimpelekea baba sombe, kisamvu chetu cha Kikongo, na samaki, na kabla sijatua sufuria mezani akaniambia, "Zimisha hita." Ilikuwa baridi ile ya Juni ya huku Johannesburg, inayopita chini ya mlango na kukukamata vifundo vya miguu. Nikamuuliza kama anaona joto. Alikuwa amekaa kwenye meza yetu ya zamani, katika nyumba ileile ya mtaa wa Observatory iliyojibanza kwenye mteremko wa kilima, viganja vyake vimelala juu ya mbao, uso ameuelekeza pale palipokuwa pakikaa mizani yake ya zamani. Wanangu walikuwa wanatazama televisheni kwa sauti ya juu. Basi, rafiki yangu, nikasimama na sufuria mkononi, nisijue nicheke au nilie.

Ngoja nikueleze habari ya hiyo hita, maana bila hiyo hutanielewa. Baba alitoka Lubumbashi akiwa kijana, akaangukia kwenye ulinzi, na nilipoanza kupata akili alikuwa tayari msimamizi wa walinzi kwenye jengo moja la ofisi kule Randburg. Bosi wake, Mzungu mmoja mzee mwenye sauti ya kukwaruza, ndiye aliyemfundisha kuwinda. Kila majira ya baridi walikwenda pamoja shambani kwa ndugu wa bosi, upande wa Limpopo, vibali mfukoni, na baba akarudi na nyama ya tandala ndani ya masanduku ya barafu. Wakongo wenzetu walisema amekuwa kaburu. Yeye alicheka tu, kwa sababu haohao ndio waliokuja wa kwanza na sahani.

Risasi za dukani hakuzitaka. Alizitengeneza mwenyewe, hapo mezani, kwenye meza ileile ambayo mama alishonea nguo za watu. Mama alikuwa fundi cherehani, na wiki zote nyingine meza ilikuwa yake. Lakini siku ya risasi alisogeza mikasi na chaki, akakunja vitambaa, na baba akabana ukingoni ile mashine yake ndogo ya mkono. Alichukua maganda yaliyokwisha kutumika, yaliyosafishwa yakang'aa kama vijiko vya harusi, akapachika fataki mpya ya kuwashia chini, akamimina baruti, kisha akashindilia kichwa cha risasi juu. Chumba kilinuka mafuta ya bunduki na mvuke wa pasi ya mama, na hata leo nikipita mbele ya duka la dobi nasimama kunusa.

Baruti ndiyo iliyotutawala. Ilipimwa kwa mizani ndogo ambayo hata pumzi ya mtu iliitikisa, na ikizidi, baba alituambia, bunduki inaweza kumpasukia usoni. Kwa hiyo nyumba nzima ilinyamaza. Hita yetu ilikuwa ya feni, ya kupuliza, kwa hiyo ilizimwa, na sisi tukakaa tumejifunika mablanketi kama wakimbizi. Redio ilizimwa. Mama aliondoa mguu kwenye cherehani, na baba hakugusa baruti mpaka amuulize, "Maman, umesimamisha mashine?" na mama amjibu, "Nimesimamisha." Waliulizana hivyo hata kama mama alikuwa amekaa mbele yake mikono mitupu. Jirani yetu, mama mmoja wa Tanga aliyeuza madera karibu na Joubert Park, alichungulia siku moja akatukuta tumejikunyata kimya, akashika kifua. "Jamani, kwani mmefiwa?" Hakuna aliyemkaidi baba kwa kweli ila wale ndege wa hadida, waliopita juu ya paa wakipiga mayowe yao, na baba akangoja mpaka wamalize.

Bunduki yenyewe ilikuwa nyepesi. Baba alikuwa na goti bovu, na kule porini mtu hutembea tangu asubuhi, kwa hiyo alinunua nyepesi ili isimchoshe. Tatizo la bunduki nyepesi ni kwamba ikilia, teke lake lote linakuja begani kwako, haina uzito wa kulimeza. Na ukiipa risasi yenye kichwa kizito, teke linazidi. Bosi alimwambia tangu mwanzo achague moja: bunduki nzito au risasi nyepesi. Goti lilikataa bunduki nzito. Na risasi nyepesi, bwana, hizo zilikataliwa na mama.

Mwaka mmoja alizijaribu kweli. Zile nyepesi zinakwenda kasi mno, na kwa umbali mdogo wa kule vichakani zinavuruga nyama. Bega zima la tandala lilifika nyumbani limevia damu. Mama akaligeuza na kuligeuza kwenye sinki. "Hii ni nyama ao ni damu ya kuganda? Nitapikia nani hii?" Alisema kwa utani wake, mkono kiunoni, lakini baba hakuwa mtu wa kusikia utani wa mama kama utani. Majira yaliyofuata alirudi kwenye vichwa vizito, vinavyokwenda taratibu na kuingia ndani bila kuharibu. Tukala mabega mazima, na bukari, ule ugali wetu, na pilipili ya kutoa machozi, na nyingine mama akaikausha gereji kwa chumvi na siki kama wafanyavyo wenyeji. Utamu ule, rafiki yangu, sijaupata tena popote.

Bega la baba ndilo lililolipia. Alikuwa akirudi na alama ya zambarau kutoka shingoni hadi kwapani, mama akaikanda kwa maji ya moto na chumvi, huku akilalamika. "Ile bunduki iko nakuuwa, Papa. Iko nakuuwa polepole." Baba akasema, "Itazobelea tu," yaani bega litazoea. Kwa siri, siri ambayo sote tuliijua, alikuwa anapunguza baruti kidogokidogo kila mwaka, akitafuta mahali ambapo teke lingelegea na risasi bado ifike. Alikuwa anatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Alipunguza mpaka bosi akamwambia akipunguza zaidi atamjeruhi mnyama bila kumuua, na hilo baba asingeliweza.

Mwaka wangu wa mwisho wa shule ya msingi, kabla ya msimu wa kuwinda, tulikwenda sote, hata mama, kwenye uwanja wa kulenga shabaha nje ya mji. Tulibeba mandazi na chai ya tangawizi kama tunaokwenda pikiniki. Baba akalala kwenye mkeka, akalenga. Bosi, bila kumwambia, alikuwa ameweka ganda tupu ndani ya bunduki. Baba akavuta. Ilisikika tik, basi, hakuna mlio, hakuna moshi. Lakini mwili wake wote uliruka, na macho akayafumba kwa nguvu kama mtoto anayepigwa sindano. Bosi akacheka, nami nikacheka. Mama hakucheka. Aliona kwamba mume wake, asiyewahi kukiri kuwa anaogopa kitu, mwili wake ulikuwa unaiogopa ile bunduki hata ikiwa tupu.

Wiki hiyohiyo alianza kushona. Alitoa sufu kwenye godoro la zamani, akakata ngozi kutoka mkoba wake mzuri wa kanisani, akatengeneza kijaruba kinene cha kuvaliwa begani chini ya koti, chenye mikanda na vifungo vilivyopigwa mashine mara mbili. Baba alisimama wima katikati ya chumba, mikono chini, mama na futi yake shingoni, akampima kama anavyompima mteja wa suti. Kilipokwisha, alitupanga mstari, watoto wote, tukampiga baba ngumi begani kwa zamu. "Unasikia kitu?" mama akamuuliza. "Sisikie kitu." Tukacheka mpaka jirani wa Tanga akaja kuuliza kuna nini, naye akapewa zamu yake ya kupiga. Nadhani hiyo ndiyo siku ya furaha kuliko zote nilizoziona katika nyumba ile.

Sasa fikiri pamoja nami, maana mimi nimefikiri miaka mingi. Mtu anayelenga hajasimama wima mikono chini. Kichwa ameinamisha juu ya kitako cha bunduki, na jicho linataka kuwa mahali pake hasa nyuma ya darubini iliyofungwa juu ya bunduki, si mbele, si nyuma. Ule unene wa sufu uliisukuma bunduki mbele, na darubini ikaenda nayo. Na sufu ni laini: bunduki ikirudi, inarudi mbali zaidi kabla ya kusimama. Hakuna fundi nguo duniani angewaza hayo. Mama alipima bega, na bega alilipima sawasawa.

Baba alirudi kutoka Limpopo na bandeji juu ya jicho la kulia. Masanduku ya barafu yalijaa, na hakuna aliyeyafungua mpaka kesho yake. Darubini ilimpiga kwenye nyusi ikampasua, lakini alisema ni jeraha tu, wawindaji wengi wanalo, hata bosi analo. Kidonda kilipona. Alichotuficha ni pazia jeusi lililokuwa linashuka taratibu ndani ya jicho. Tulijua siku alipomimina chai nje ya kikombe na kuendelea kumimina. Hospitalini tulikaa kwenye benchi kutwa, mama ameshika koti la baba mapajani kama mtu anayengoja kuitwa kulirekebisha. Daktari alikuwa dada mpole. Akaeleza kwamba ngozi ya ndani ya jicho imebanduka na tumechelewa kumleta, na akarudia kwa upole uleule mama alipomwomba arudie.

Asubuhi iliyofuata niliwasikia jikoni. Mama alikuwa anasema ni sindano yake iliyomtoboa jicho. Baba akasema hapana. "Niliona. Tangu risasi ya kwanza niliona kioo ya darubini iko mbali, kunaingia giza pembeni. Nikavuta shingo mbele." Mama akamuuliza kwa nini hakukivua kile kitu akakitupa porini. "Ulikata mukoba yako ya kanisa," baba akasema. Nilikuwa mlangoni na bakuli la uji, nikarudi nalo chumbani taratibu.

Ile nyama tuliimaliza, maana haitupwi, lakini kila mtu alikula akitazama sahani yake. Baba hakuwinda tena. Kibali kilipokwisha akaikabidhi bunduki polisi, mashine ya mkono akampa bosi, na meza ikawa ya mama peke yake siku zote. Mama hakupenda. Mara nyingi baridi ilipoanza nilimkuta ameisafisha meza, hana kazi mkononi, anaiangalia tu. Ameshatangulia sasa. Jirani wa Tanga alirudi kwao. Jicho la pili la baba limepofuka kwa maradhi yake lenyewe, la kwanza halikuwepo kumsaidia, na siku hizi hata akili yake inakwenda na kurudi. Daktari wa sasa anasema tumzoee hivyo.

Basi hiyo Jumapili niliweka sufuria chini na kuzima hita. Nikazima na televisheni. Wanangu wakalalamika kwa Kiingereza kwamba kuna baridi, nikawatupia blanketi na kuwaonyesha kidole mdomoni. Wanaelewa Kiswahili lakini ukimya wa namna hii hawajawahi kufundishwa, wakanitazama kama nimechanganyikiwa. Baba akainua mkono wa kulia, akaugonga ukucha wa kidole gumba kwa kidole cha shahada, taratibu, kama alivyokuwa akiidondosha baruti punje kwa punje. Kisha akasimamisha mkono hewani. Akageuza uso upande wa dirisha, mahali ilipokuwa cherehani.

"Maman, umesimamisha mashine?"

Nilingoja kidogo, kana kwamba mama angeweza kuja akajibu mwenyewe.

"Nimesimamisha," nikasema, na baba akaendelea kupima.