Mwalimu Aliyetaka Nyimbo za Kutisha

Nina miaka saba nikiwawekea watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi hapa Somanda, kibandani kwangu kwenye njia ya hospitali, na nilidhani hakuna ombi ambalo sijalisikia. Watu wanataka kwaya, wanataka singeli, wanataka ngoma za Kisukuma. Mmoja alitaka wimbo uleule urudiwe mpaka kadi ijae, nami nikamfanyia. Kisha akaja mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu darasa la nne.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama. Akaitikia, akakaa kwenye benchi kabla sijamkaribisha, akaniwekea flashi mezani. Alitaka nyimbo za saa nzima, zote za kutisha. Alisisitiza zisiwe za huzuni, wala zisiwe za makelele kama kwenye sinema za mazombi. Alitaka zile zinazomfanya mtu ageuke aangalie nyuma yake. Nikamuuliza ni za shughuli gani. Akasema ni za kusikiliza.

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Nikanunua bando, nikapakua muziki wa sinema wenye vinanda vinavyolialia, nikamwita. Alisikiliza huku amefumba macho, kisha akasema muziki ule unataka ashtuke, na yeye hataki kushtuliwa. Nikamwekea nyimbo za maombolezo. Akaniambia nizime hata ubeti wa kwanza haujaisha. Nikatafuta filimbi za nchi za mbali ambazo mimi mwenyewe zilinisisimua mwili, yeye akasema zinamkumbusha sehemu ya mapokezi ya hoteli.

Nikampigia binamu yangu anayelima pamba kule Sola, ambaye jirani yake ni mganga, nikamwomba aniombee ruhusa ya kurekodi ngoma zao. Binamu alihangaika siku mbili mpaka akaipata, akazirekodi kwa simu, akanitumia. Mwalimu alisikiliza kidogo tu, mguu wake ukaanza kufuata mapigo.

"Hii inachezeka," akasema, akanyanyuka akaenda zake.

Ikawa hivyo karibu wiki mbili. Bando linaisha, kompyuta imejaa mafaili ya ajabu, na mshonaji wa kibanda cha jirani anakuja kuniuliza kwa upole kama siku hizi nimehama dini, maana wateja wake wanaogopa kusubiri nguo. Angekuwa mteja mwingine ningemrudishia flashi yake siku ya tatu. Lakini mtu aliyekusimamisha ubaoni ukiwa na miaka kumi humfukuzi hivihivi.

Siku alipokataa nyimbo nne mfululizo, nilishindwa. Nikamuuliza, na sauti yangu niliisikia imepanda, "Mwalimu, kwani unataka nini hasa?"

Hakukasirika. Alisema huku anatazama barabarani:

"Tangu tumzike mzee, kila anayekuja ananiletea nyimbo za kufariji. Shemeji yangu amejaza redio nzima. Zote zinaniambia nitulie. Nyumba yenyewe haijatulia. Nataka wimbo unaojua hivyo."

Msiba wa mumewe nilikuwa naujua, hata kuzika nilikwenda. Sikuwa nimeuhusisha na nyimbo hizi. Niliona aibu, na kwa sababu ya ile aibu nikawa nabonyeza mafaili ovyo bila kuyatazama, mpaka nikafungua moja ambalo sikutaka mtu yeyote alisikie. Lilikuwa la kwaya moja ya Lagangabilili niliyoirekodi vibaya. Maikrofoni ilikuwa na hitilafu ambayo sikuigundua, ikameza sauti za akina mama zote. Zilibaki besi tatu za wanaume, zikiimba taratibu kana kwamba ziko ndani ya pipa, na jenereta likinguruma chini yake.

Nilipotaka kuzima, mwalimu alinyanyua mkono. Tukasikiliza mpaka mwisho. Yeye akageuka akatazama nyuma yake, kwenye ukuta mtupu wa mabati.

"Za namna hii ndizo," akasema.

Sasa nilijua pa kutafuta. Nikachimba kazi zangu zote zilizoharibika: upepo uliovuma juu ya mahubiri, kaseti ya zeze iliyolegea mkanda, ngoma zilizorekodiwa kutoka mbali mno. Ile saa nzima ya nyimbo ikatimia kwa makosa yangu mwenyewe, nikamkabidhi flashi yake.

Siku chache baadaye akaja shemeji yake, mzee wa kanisa, akasema nimemuuzia mjane miziki ya shetani. Nilikuwa nimechoka kabisa. Nikamwonyesha benchi, nikamwekea zile besi tatu. Alisikiliza, uso ukaanza kumlegea, kisha midomo yake ikaanza kufuata maneno.

"Huu si wimbo wetu wa ibada?" akauliza.

Nikamwambia ndio wenyewe. Akanyanyuka, akaondoka bila kuaga.

Mwalimu mwenyewe alirudi mwezi uliofuata. Alinieleza kwamba huwa anaziwasha nyimbo zile anapofagia chumba cha marehemu, chumba ambacho alikuwa hajakifungua tangu msiba, na kwamba sasa nguo zote ameshazifua, zingine amezigawa. Nikafurahi, nikadhani tumemalizana. Akatoa flashi nyingine mkobani. Alitaka nusu saa zaidi, na ule wa tatu niutoe, kwa sababu unajikaza kutisha.

Nikawasha kompyuta. Nilipumua kwa nguvu, makusudi asikie, na alisikia.

"Kaa wima," akaniambia.